Risala ya Wazazi kwa Mheshimiwa Mbunge, Mahafali ya Kidato cha Nne 2026

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wa jimbo letu, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Afisa Elimu Kata, Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule na walimu wote, wenyeviti wa vijiji, viongozi wetu wa dini, wazazi wenzangu, wahitimu wapendwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wazazi na walezi wa shule hii tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi leo. Tunajua kwamba msimu huu wa mahafali unaitwa kila upande wa jimbo, na barabara ya kufika huku umeiona mwenyewe. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Wahitimu walioketi mbele yako wana historia ambayo wengine waliowatangulia hawakuwa nayo. Wengi wao waliingia darasa la kwanza Januari 2016, mwezi ule ule Serikali ilipoanza kutekeleza elimumsingi bila ada kwa kutoa shilingi bilioni 18.77 kila mwezi kwenda katika shule za umma nchi nzima. Wao ndio watoto wa kwanza kuanza darasa la kwanza chini ya mpango huo, na leo ndio wa kwanza kufika mwisho wa kidato cha nne. Walipokuwa darasa la tano, shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, wakakaa nyumbani mpaka 29 Juni, na huku kwetu hapakuwa na masomo ya redio wala simu yaliyowafikia wote. Walipofaulu kwenda sekondari, Serikali ilikuwa imetoa shilingi bilioni 160 za kujenga vyumba vya madarasa 8,000 kwa ajili ya kidato cha kwanza cha Januari 2023, na viwili kati ya vyumba hivyo ndivyo vilivyo nyuma ya hema hili. Hatusemi haya kwa kupamba maneno. Tunayasema kwa sababu maisha ya watoto hawa, tangu siku ya kwanza walipofungashiwa daftari, yamepangwa na maamuzi ya siasa za nchi, na sisi wazazi wao tungependa leo kuzungumza nawe juu ya jinsi maamuzi hayo yanavyofanyika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, imezoeleka kusema kwamba siasa isiingizwe shuleni. Tunakubaliana na kauli hiyo pale inapokusudiwa kwamba bendera za vyama zisipepee darasani na mwalimu asilazimishwe kupiga kampeni. Lakini kuamua kama shilingi ya Serikali iende kwenye ukuta au kwenye mshahara wa mwalimu, iende kwenye choo cha wasichana au kwenye jengo la utawala, huo ni uamuzi wa kisiasa, na anayeufanya ni mtu aliyechaguliwa na wananchi au aliyeteuliwa na waliochaguliwa. Mzazi anayeuliza juu ya uamuzi huo haingizi siasa shuleni. Anafanya wajibu wake wa uraia, na tunaomba asitazamwe kwa jicho la mashaka.

Tena, lawama ya kwanza ni yetu sisi wenyewe. Mwaka jana wakati wa kampeni, wagombea wa ngazi zote walipopita katika vijiji vyetu, tulipiga makofi ya nguvu kila tulipoahidiwa jengo. Sikumbuki hata mkutano mmoja ambapo mzazi alisimama na kuuliza ni walimu wangapi wa hisabati wataletwa, au ruzuku ya kumwendeshea mtoto masomo itapanda lini. Kiongozi husikiliza mahali makofi yanakotoka, na sisi tumemfundisha kiongozi wetu kwamba tunachokijali ni kile kinachoweza kufunguliwa kwa utepe.

Tukitazama nyuma, jambo hili lina mizizi. Wengi wetu tunakumbuka agizo kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na jinsi mwaka 2014 kata zilivyohangaika kukimbizana na muda uliowekwa. Lengo lilikuwa jema na hatulipingi hata leo. Sisi katika kata hii tulichanga, tukafyatua matofali, tukasomba mchanga kwa matoroli, na majengo yakasimama. Lakini hakuna aliyetuuliza wakati ule nani atakuja kufundisha ndani yake. Chumba kilichojengwa kwa ajili ya fizikia kimetumika miaka yote hii kama darasa la kawaida, na wahitimu hawa wamesoma fizikia kwa kijana wa kata yetu, mhitimu wa chuo kikuu ambaye bado hajaajiriwa, anayejitolea kwa posho ndogo tunayochangishana. Tunamshukuru hapa hadharani. Hata hivyo, Mheshimiwa, si haki kwamba somo la taifa liegemee huruma ya kijana mmoja.

Na ndipo tunapofika kwenye hisabati. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2024 yalionyesha ufaulu wa jumla wa asilimia 92.37, na namba hiyo imesomwa kwenye majukwaa mengi. Sisi wazazi tuliifurahia, kisha tukakaa na walimu wakatueleza kwamba ndani ya ufaulu huo daraja la nne limo, na kwamba katika hisabati hali ni nyingine kabisa: kwa miaka mingi waliofaulu somo hilo nchini wamekuwa takribani mmoja kati ya watano, na hata katika matokeo ya 2023 na 2024, ambayo ni nafuu, hawakuzidi sana mmoja kati ya wanne. Maana yake ni kwamba katika kila meza ya watoto wanne, watatu wanaondoka shuleni na cheti kisicho na hisabati. Huwezi kuwa fundi umeme wa kutegemewa, wala muuguzi, wala mpima ardhi, ukiwa umeiacha hisabati njiani. Tunataka namba hii ya pili nayo isomwe kwenye majukwaa.

Nchi yetu imewahi kulijadili jambo hili kwa sauti kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2013 Bunge lilijadili hoja binafsi ya Mheshimiwa James Mbatia kuhusu mitaala, na wiki chache baadaye yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo takribani asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Kila mtu alizungumza: kwenye mabasi, misikitini, makanisani, kwenye vijiwe vya kahawa. Waziri Mkuu akaunda tume. Ulikuwa mjadala mchungu, lakini ulikuwa wa kweli, kwa sababu ulihusu kile mtoto anachokijua. Masikitiko yetu ni kwamba tulihitaji msiba wa kitaifa ili tuzungumze, na hasira ilipotulia mazungumzo nayo yakatulia, tukarudi kuhesabu vyumba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusieleweke vibaya. Vyumba vinahitajika, na safari hii vinahitajika kuliko wakati wowote. Hapa naomba uniwie radhi nichukue muda, kwa sababu ndilo jambo lililotufanya tukuandikie risala hii badala ya kukuimbia nyimbo za shukrani peke yake.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa na Mheshimiwa Rais mwanzoni mwa mwaka 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita. Wenzao waliokuwa darasa la nne wanaendelea na utaratibu wa zamani hadi darasa la saba. Makundi hayo mawili, ambayo leo yapo darasa la tano na la sita, yatamaliza mwaka mmoja, 2027, na Januari 2028 yatabisha hodi katika mlango mmoja wa kidato cha kwanza.

Shule yetu ina mikondo mitatu ya kidato cha kwanza. Januari 2028 tutahitaji sita. Kwa kiwango cha wanafunzi 40 kwa darasa, hiyo ni nyongeza ya vyumba vitatu, viti na meza 120, na matundu ya vyoo kwa uwiano wa tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Na kundi hilo halitayeyuka. Mwaka 2029 litakuwa kidato cha pili, 2030 cha tatu, 2031 cha nne, kama nundu inayopita ndani ya shule kwa miaka minne. Chumba cha darasa katika fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, zilizojenga vyumba 15,000, kilipangiwa shilingi milioni 20. Vyumba vitatu kwa bei ile ni milioni 60, na bei ya saruji na nondo ya leo si ile. Hizo ni gharama za kuta na bati. Mwalimu hajahesabiwa.

Bajeti itakayobeba Januari 2028 ni bajeti ya mwaka wa fedha 2027/2028. Bunge litaipitisha kabla ya mwisho wa Juni mwakani. Lakini kwa utaratibu wa halmashauri, vipaumbele vyake vinaanza kukusanywa katika miezi hii ya mwisho wa mwaka: vijijini, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani, kisha mkoani na TAMISEMI. Kwa maneno mengine, Mheshimiwa, mlango wa kusema uko wazi sasa hivi, na utafungwa kabla hatujamaliza kuvuna msimu ujao. Tukisubiri kualikwa kwenye uwekaji wa jiwe la msingi tutakuwa tumechelewa mwaka mzima.

Kwa sababu hiyo ombi letu la kwanza kwako si fedha. Tunaomba mkutano. Tunaomba kabla ya mwezi Desemba kwisha uje hapa shuleni pamoja na Diwani, Afisa Elimu na Afisa Mipango wa Halmashauri, ukae na wazazi wa sekondari hii na wa shule zote za msingi za kata, na namba zote ziandikwe ubaoni kwa chaki: ni watoto wangapi wa darasa la tano na la sita tulio nao, ikama ya walimu, yaani idadi inayotakiwa, inasema nini na walimu waliopo ni wangapi, halmashauri imepewa ukomo gani wa bajeti, na mapato ya ndani yanaweza kubeba nini. Mzazi akiiona namba ya ukomo ataacha kudai kila kitu na ataanza kuchagua. Sisi hatujawahi kupewa nafasi ya kuchagua. Tumepewa nafasi ya kushukuru.

Tunaamini mkutano wa namna hiyo utaibua mambo ambayo ofisi ya mbali haiwezi kuyaona. Nitoe mfano mmoja. Mwaka 2028 shule za msingi zitakuwa zimepoteza madarasa mawili kwa mpigo huku zikipokea darasa moja la kwanza. Shule ya msingi tunayopakana nayo, ambayo unaiona pale ng'ambo ya uwanja, itabaki na vyumba vilivyo wazi na walimu waliopungukiwa vipindi. Je, kidato cha kwanza hakiwezi kusomea baadhi ya vipindi pale kwa miaka miwili ya mwanzo, ili fedha ya kujenga vyumba vyote vitatu ielekezwe kwenye kimoja, na inayobaki iende kwenye vyoo, viti na kumaliza maboma? Pengine wataalamu wataona kasoro katika wazo hili. Wazazi wa shule ya msingi nao wana haki ya kulikataa. Lakini halijawahi kuzungumzwa popote, kwa sababu shule hizi mbili zina bodi na kamati zisizokutana, na kila moja inangoja maelekezo ya kwake.

Nimetaja maboma. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukitoka utaliona boma la vyumba viwili karibu na mwembe. Tulilijenga wenyewe hadi usawa wa lenta. Mwanzoni mwa mwaka 2018 michango ya lazima shuleni ilipigwa marufuku, na marufuku ile ilikuwa na haki yake, maana watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa michango, na mtoto hapaswi kuadhibiwa kwa umaskini wa baba yake. Lakini hakuna aliyekaa nasi kutueleza tofauti ya mchango wa lazima na nguvu ya hiari ya wananchi. Viongozi wa kijiji wa wakati ule waliogopa kuitisha hata siku ya kusomba maji; wazazi tukasema sasa Serikali inafanya yote; na mvua ikaanza kula ukuta ambao mama zetu waliutilia maji kwa vichwa vyao. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulikuwa umeeleza vizuri kabisa majukumu ya kila mmoja, ya mzazi yakiwemo sare, madaftari na chakula cha mtoto. Ungesomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu, boma lile leo lingekuwa darasa. Tunaomba Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao wewe ni mwenyekiti wa kamati yake, uliangalie. Sisi tunaahidi nguvukazi, na majina ya waliojiandikisha tumeshayakabidhi kwa Mtendaji wa Kata.

Ombi letu la pili linakwenda nawe Dodoma. Ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka iliwekwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), mwaka 2002, ilipokuwa sawa na dola 10 za Marekani. Kiwango hicho hicho, pamoja na shilingi 25,000 za sekondari, ndicho kilichochukuliwa elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016. Leo shilingi 10,000 ni takribani dola 4, na sehemu yake haifiki shuleni bali hubaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu. Kwa fedha inayobaki Mkuu wa Shule anapaswa kununua chaki, karatasi za mitihani, dawa za huduma ya kwanza, kukarabati mlango uliovunjika na kulipia michezo. Elimu bila ada ni heshima kubwa ambayo nchi imempa mtoto wa mkulima. Isipolishwa itabaki jina. Tunakuomba, kipindi cha bajeti kitakapofika, usimame Bungeni uitaje namba hii, uitaje na mwaka wake, 2002, ili Watanzania wasikie kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye familia na kiwango bado kinazungumzwa kwa lugha ya zama zile.

Kuhusu walimu tunasema kwa ufupi, kwa sababu unajua. Vijana waliosomea ualimu wako majumbani, na vipindi havina wa kuvifundisha, katika kata moja. Ajira zinapotoka tunaomba upange nasi tuseme ni masomo gani: hisabati, fizikia, na sasa masomo ya mkondo wa amali, yaani ya ufundi na stadi za kazi, ambayo mtaala mpya umeyaleta bila sisi kuwa na karakana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yapo maamuzi makubwa ambayo hayakuhitaji hata tofali. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi katika shule za kawaida. Miongoni mwa wahitimu wa leo yumo binti aliyerudi kwa ruhusa ile. Hatutamtaja, na tunaomba asitafutwe kwa macho. Mama yake yuko hapa, amekaa na mjukuu mapajani. Uamuzi ule ulitanguliwa na miaka ya mabishano ya wazi, wengine wakiupinga kwa dhati na wengine wakiutetea, na sisi wenyewe katika kata hii tuligawanyika. Lakini ulizungumzwa, na binti huyu mwezi ujao atakaa kwenye chumba cha mtihani.

Kwa upande wetu wazazi tumekubaliana, katika kikao cha mwezi uliopita, kwamba kila kaya yenye mwanafunzi itatoa debe la mahindi na kilo za maharage kwa muhula, kwa hiari na kwa kadiri ya uwezo, ili mtoto anayetembea kutoka kijiji cha mbali apate chakula cha mchana shuleni. Asiye na uwezo mtoto wake atakula vilevile. Tumekubaliana pia kwamba wenyeviti wa vijiji wasome mapato na matumizi ya shule katika kila mkutano mkuu wa kijiji, na Mkuu wa Shule ametuunga mkono kwa moyo mweupe.

Wahitimu wetu, mitihani yenu ya taifa inaanza Novemba. Tunawaombea utulivu na afya. Mliingia shuleni mkiwa mmekaa sakafuni kwa sababu mlikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na hamkukata tamaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule ametutengea ukumbi Jumamosi ya pili ya Desemba, saa nne asubuhi. Orodha ya watoto wa darasa la tano na la sita wa kata nzima, shule kwa shule, tumeiambatisha nyuma ya risala hii pamoja na hesabu ya vyumba, vyoo na walimu waliopo. Tunaomba utujibu leo hii, mbele ya wahitimu hawa, kama utafika.

Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wazazi na walezi.